Itika, Natalia

Mtoto wa jirani alisema shikamoo, na Natalia hakuitikia. Aliinamisha kichwa, akatabasamu, akainua hata kile kisu cha kumenyea machungwa kama mtu anayepunga mkono, lakini neno halikutoka. Mtoto akasubiri. Alikuwa amefundishwa kwamba mkubwa asiyeitikia hajasikia, kwa hiyo akarudia kwa sauti ya kuita mbuzi: "Shikamoo, mama!" Mwishowe akachoka, akaondoka akiburuza ndoo yake, na wanawake wa meza ya pili wakatazamana.

"Siku hizi hata salamu za watoto hapokei," mmoja alisema, wala hakunong'ona.

"Labda amefunga. Wenzake hufunga kula, yeye kafunga mdomo."

Wakacheka, wakaendelea kupanga nyanya zao.

Meza ya Natalia ilikuwa Mikumi, kando ya barabara kuu, mahali madereva wa malori ya Iringa wanaposimama kula. Wapita njia hawakujua, na waliojua walisahau upesi, kwamba chini ya kile kitambaa cheupe alichojifunga shingoni palikuwa na tundu. Saratani ilimwingia kooni. Madaktari wa hospitali kubwa waliondoa kisanduku cha sauti chote, wakamwachia tundu la kupumulia, wakamwambia ashukuru Mungu. Alishukuru. Lakini katika nchi hii mtu anaweza kukosa ada, akakosa dawa, akakosa hata sanda, na watu wakamhurumia. Akikosa marahaba, watasema ana kiburi.

Mwanawe Ditram aliyaona hayo yote kutoka upande wa pili wa barabara, alikokuwa akitengeneza simu za watu chini ya mwavuli. Aliona jinsi mama yake alivyozoea kuinama kila mtoto alipokaribia, akijifanya anatafuta kitu chini ya meza, ili asisalimiwe. Mwanamke aliyekuwa akicheka mpaka meza inatikisika, leo anawakimbia watoto! Kijana aliuma meno. Alikuwa kijana wa hasira na wa kujiamini, aliyejifundisha mwenyewe karibu kila alichokijua, na hakupenda kushindwa na kitu chochote, hata ugonjwa.

Na alikuwa na sauti ya mama yake. Hilo ndilo lililomfanya ajiamini.

Kabla ya upasuaji, wakati bado akifanya kazi ya kuchapa barua kwenye duka la stationari mjini Kilosa, alimkalisha mama yake mbele ya maikrofoni akamrekodi: karibu, asante, marahaba, abee na shikamoo za kina mama wazee, machungwa matamu haya, majina ya watoto, sala. Kwenye kompyuta ya mezani ya duka alikuwa ameweka programu ya kuunda sauti, ile ambayo mtu haandiki maneno bali anachora visanduku kwenye kioo na kuviunganisha kwa mistari, na sauti hupita humo kama maji kwenye mfereji wa shamba. Bonyeza hapa, kisanduku hiki kiamshe kile, mama aseme karibu. Kwenye kompyuta ile kubwa ilifanya kazi vizuri mno. Mwenye duka, mzee Nassir, alipogundua, alimwambia, "Kijana, hii mashine ni ya kuchapa barua za maombi ya kazi. Ukitaka studio, kafungue yako." Akamfukuza, akaisafisha kompyuta yake, na kilichobaki kwa Ditram kikawa kile alichokuwa amekinakili kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu.

Kompyuta ya mezani haibebeki kwenda barabarani, hata angekuwa nayo. Kwa hiyo Ditram aliuza baiskeli yake akaagiza kutoka Dar es Salaam kompyuta ya bodi moja, kitu kizima kisichozidi pakiti ya sigara, bila kioo, bila kibodi. Baba yake, Anselmi, fundi seremala, alikitengenezea kisanduku cha vipande vya mninga, akakitobolea spika na vitufe vya rangi. Kilipendeza. Kilifanana na redio ya zamani.

Siku ya kwanza mezani, utingo wa lori alikuja akichezea sarafu mkononi.

"Mambo, mama! Machungwa bei gani?"

Natalia akabonyeza kitufe cha kijani. Kimya. Akabonyeza tena. Kisanduku kikakoroma kama mafuta ya kukaangia.

"Mama, nakuuliza."

Akabonyeza mara ya tatu, kwa nguvu. Utingo akasonya, akavuka barabara kwenda meza nyingine. Hapo ndipo sauti ya Natalia, ile sauti yake ya zamani yenye kicheko ndani yake, ilipotoka kwa mpigo: "Karibu baba! Karibu baba! Karibu baba!" Mbele ya meza alikuwa amebaki mbwa tu.

Wanawake wa nyanya walijipigapiga mapaja kwa kicheko. "Jamani, inakaribisha mbwa!"

"Dada, tuwekee taarabu basi!"

Natalia alizima kisanduku, akakifunika kwa kanga kama mtu anavyofunika chakula kilichoharibika, akaendelea kumenya machungwa ambayo hakuna aliyekuwa ameyaagiza.

*

"Tatizo siyo sauti," Ditram alimweleza baba yake barazani, bodi ikiwa imelala utumbo wazi kwenye goti lake. "Programu hii waliiandika kwa ajili ya kompyuta kubwa. Ukiiweka kwenye kitu kidogo hivi, inachoka. Inataka kuchora kwenye kioo ambacho hakipo. Inatafuta kipanya ambacho hakipo. Huku kila ukibonyeza, inakwenda kusoma sauti kwenye kadi, na kadi nayo inajivuta."

Anselmi alikuwa akipiga randa ubao wa mlango. Hakuelewa yote, lakini alielewa kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko mgongo. Babu yake aliletwa wilaya ya Kilosa kukata mkonge. "Sasa?"

"Nimeivua nguo. Nimeondoa michoro yote, inawaka yenyewe bila kioo, haina kazi nyingine duniani ila kumsubiri mama abonyeze. Na sauti zote nimezipandisha kwenye kumbukumbu ya bodi yenyewe. Zinakaa mlangoni, hazitafutwi tena chumbani. Ila kumbukumbu ni ndogo, imebidi nipunguze."

"Umepunguza nini?"

"Yale marefu."

Anselmi aliacha kupiga randa. "Yale aliyokuwa akiongea Kisagara? Mwishoni, alipodhani umezima?"

"Hayo. Yalikuwa yanakula nafasi yote. Kadi nayo nimeifuta nikaipanga upya, mashine ikapata pumzi." Ditram alicheka. "Baba, nani Mikumi anaongea Kisagara? Hata mimi sijui alikuwa anasema nini. Nilisikia kama anasali, au anasengenya."

Ilikuwa kweli. Katika nyumba ile walisema Kiswahili tu, maana ndicho mali pekee waliyochangia wote: Anselmi wa ukoo uliotoka mbali, Natalia wa milimani juu ya Munisagara. Kisagara Natalia alikitumia kwa watu wawili tu, mama yake na kaka yake Boniface, na alikitumia kwenye simu akiwa uani, kwa sauti tofauti, ya juu na nyepesi, kama msichana aliyetumwa maji.

Anselmi alifikiri kusema jambo. Lakini mwanawe alikuwa anang'aa usoni, na ilikuwa muda mrefu nyumba ile haijaona uso unaong'aa. Akashika randa.

Ditram akaunganisha betri, akaita, "Mama! Njoo!"

Natalia akatoka jikoni akijifuta mikono. Kijana akasimama mbele yake, akainamisha kichwa kwa adabu ya mzaha na ya kweli pamoja.

"Shikamoo, mama."

Natalia akabonyeza kitufe chekundu.

"Marahaba, mwanangu."

Haikuchelewa hata kidogo. Haikukoroma. Sauti ilitoka safi, nzito kidogo chini, kama alivyokuwa akiitoa mlangoni watoto wakirudi shule. Anselmi aliinuka bila kujua anakokwenda, akarudi akaketi. Natalia alibonyeza tena, na tena, kisha akafunika uso kwa kanga, na pumzi yake ikawa inapiga filimbi kwenye lile tundu.

Jioni hiyo watoto wa mtaa walipanga foleni. Kila mmoja alisema shikamoo akaitikiwa, akazunguka nyumba akarudi kusema tena. Wale wanawake wa nyanya nao walikuja, wakasema hawakujua, wakaleta nyanya.

*

Simu ya Mjomba Boniface ililia asubuhi wakati wa chai.

"Shemeji," alimwambia Anselmi, "bibi wa huku hali yake si nzuri. Tangu jana hali chakula. Anamwita Natalia."

"Mwambie anakuja."

"Nimemwambia mangapi? Nimesema yuko gulioni. Nimesema yuko shamba. Nimesema mtandao. Kila wiki napanga uongo mpya kama napanga matofali. Sasa hataki kusikia. Anaita tu. Naye unamjua: mzazi akiita kutoka kitandani, mtoto asipoitika, kwake huyo hana mtoto."

Hawakuwa wamemwambia Bibi Yunis, mama yake Natalia. Nani humwambia kikongwe kipofu kwamba bintiye amekatwa koo? Walikubaliana wote, kwa wema, kama watu wa kwetu wanavyokubaliana siku zote: asishtuliwe, moyo wake mdogo. Wema huo ulikuwa umekwenda miezi mingi, na sasa haukuwa na pa kutokea.

"Ataitika," Ditram alisema. Alikuwa ameshakishika kisanduku. "Bibi haoni. Anachohitaji ni kusikia. Na hii hapa ni sauti ya mama, siyo ya mtu mwingine."

Natalia alimtazama. Alivuta kisanduku kwake, akabonyeza kitufe kimoja kimoja, akisikiliza kila neno hadi mwisho, kama mtu anayepekua mfuko akitafuta kitu alichokuwa na hakika amekiweka. Hakukipata. Akarudia. Aligundua kilichokosekana, na Ditram akadhani anaogopa betri.

"Usiogope, mama. Nimeichaji."

Angeweza kumwandikia kwenye karatasi. Hakumwandikia. Angeandika ili iweje, na maneno yameshafutwa? Amvunje moyo tu kijana wake aliyeuza baiskeli? Alijiambia kwamba sauti ni sauti, na hakuna mama anayepotea kwenye sauti ya mwanawe. Akafunga kitambaa kipya shingoni, akatoka.

*

Walipanda basi hadi Kilosa, kisha bodaboda mbili hadi Munisagara, kisha wakapanda kwa miguu, Natalia akisimama kila mara kushika kiuno na kuvuta hewa kwa lile tundu. Alikuwa amekonda. Zamani akipanda mlima ule alikuwa akiita kutoka bondeni, na mama yake akajibu kutoka juu, na majirani wote wakajua nani amekuja. Siku hiyo walipanda kimya mpaka mlangoni.

Bibi Yunis alikuwa amelala karibu na mlango ambapo jua la mchana lilimfikia miguuni. Alisikia viatu.

"Shikamoo, bibi," Ditram alisema.

"Marahaba, mume wangu!" Sauti ilikuwa ndogo, lakini ya mzaha bado. "Umekuja kunioa au umekuja kunizika?"

"Kukuoa, bibi."

"Mahari iko wapi? Mikono mitupu, nakusikia." Akacheka, akakohoa. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, cha kanisani na zahanati, lugha aliyoivaa akija mgeni. Na mjukuu wake, kwa lugha, alikuwa mgeni. "Na Anselmi yupo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Kisha akageuza uso ukutani, upande ambao hapakuwa na mtu, na mzaha wote ukamtoka. Akaita.

"Natalia."

Boniface, aliyesimama miguuni pa kitanda, alimtazama dada yake. Natalia alikuwa ameshapiga magoti na kisanduku mapajani. Akabonyeza.

"Abee, mama."

Ilikuwa sauti yake. Hata kuku waliokuwa mlangoni waligeuza shingo. Ditram alihisi moyo unampanda kwa fahari.

Bibi Yunis aligeuza sikio upande wa sauti. Uso wake ulikuwa umetulia namna ya mtu anayesikia mvua mbali. Natalia akabonyeza tena. "Shikamoo, mama."

Hapo kikongwe akafungua kinywa, na Kisagara kikatoka kwa wingi, haraka, chenye kupanda na kushuka, swali juu ya swali, kikiishia kwenye neno ambalo lilisubiri kuitikiwa. Likasubiri. Natalia alikuwa na jibu. Lilikuwa limejaa kifuani, lilikuwa kwenye midomo inayocheza bila mlio, lakini halikuwa kwenye vitufe. Vidole vyake vilizunguka juu ya rangi zile kama vya mtu anayepapasa gizani. Mwishowe vikabonyeza kilichokuwepo.

"Niko salama, mama. Asante."

Bibi Yunis akauliza, kwa Kiswahili, kwa upole anaotendewa mgeni:

"Mwanangu, wewe ni nesi?"

"Bibi, ni mama!" Ditram alisema. "Ni Natalia!"

"Natalia hajanisemesha Kiswahili tangu nimzae." Alinyoosha mkono, ukatua kwenye kisanduku. Akapapasa mbao, akapapasa kitambaa cha spika, akapapasa vitufe. Akaurudisha mkono taratibu kifuani.

"Redio," alisema. "Boniface. Mwanangu amekufa lini?"

*

Walimweleza. Boniface alipiga magoti akamweleza kwa Kisagara, yote, tangu kikohozi cha kwanza mpaka kisu cha daktari, na machozi yakimtiririka mwanamume yule mbele ya shemeji yake. Bibi Yunis alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu kwa Kiswahili, ili wote waliomdanganya wasikie pamoja.

"Mlisema yuko gulioni, nikaamini. Mlisema yuko shamba, nikaamini. Mlisema mtandao, mimi mtandao siujui, nikaamini. Leo mnaniambia amechinjwa koo na yuko hai. Nani amepata kuchinjwa akaishi? Kuku?"

"Mama, mguse," Anselmi alisema. "Yuko hapa mbele yako. Mguse mwenyewe."

Natalia akauchukua mkono wa mama yake, akaupeleka shavuni. Mkono ukapita kwenye mfupa. Ukashuka begani, ukakuta mfupa. Bibi Yunis alimjua bintiye kuwa mwanamke wa kujaza mlango. Mkono ukafika shingoni, ukaingia chini ya kitambaa, ukakuta lile tundu na pumzi ya moto ikitoka na kuingia. Ukaruka kama ulioguswa na kaa la moto.

"Huyu ni mgonjwa wa watu," alisema. "Mmemtoa wapi? Mmemlipa aje kunidanganya? Masikini, mwacheni."

"Bibi, mimi ndiye niliyemrekodi!" Ditram sasa alikuwa analia kwa hasira, akikibonyeza kisanduku mwenyewe. "Sikiliza!" Kisanduku kikasema: marahaba, mwanangu. "Unasikia? Ni yeye! Nilimrekodi kwa mkono wangu!"

"Ndiyo, mume wangu. Ulimrekodi." Kikongwe hakumkasirikia. "Watu hurekodiwa, halafu wanakufa. Marehemu mchungaji wetu, mimi nilikuwepo anazikwa. Bado anahubiri redioni kila Jumapili."

Boniface alimshika kijana mkono, akamtoa nje, akamsimamisha kando ya banda la mbuzi.

"Mjomba, nisikilize. Humo ndani hakuna neno la kwetu? Hata moja. La kuitika tu. Akisema Natalia, liitike kwa kwetu, basi."

Ditram alikitazama kisanduku. Kilikuwa kinafanya kazi kikamilifu. Hakikukwama, hakikukoroma, hakikuchelewa.

"Yalikuwepo," alisema. "Aliongea muda mrefu. Nilifuta."

"Kwa nini?"

"Iwe nyepesi."

Boniface hakumpiga wala hakumtukana. Ingekuwa nafuu. Alimtazama tu, kama mtu anavyomtazama mtoto wa dada yake na kuona kwamba hakumfundisha kitu.

*

Ndani, Bibi Yunis alikuwa ameanza kulia. Hakulia kwa kelele. Hakuwa na nguvu hizo. Alianza ule wimbo ambao wanawake wa mlimani humwimbia mtoto aliyemtangulia mzazi, mstari mmoja, kisha pumzi, kisha mstari. Majirani walisikia msiba. Wakaja mmoja mmoja na kanga zao kichwani, na kila aliyefika mlangoni alimwona Natalia ameketi hai, akasimama, asijue mguu aupeleke wapi. Boniface alikuwa anawanong'oneza. Sesilia, aliyebatizwa siku moja na Natalia, aliziba mdomo kwa mikono yote miwili, akarudi kuketi nje kwenye jiwe. Wengine waliingia. Wangefanyaje? Walimsalimu mfiwa, wakaketi. Mwanamke mmoja, kwa mazoea tu ya mdomo, alimwambia Natalia pole kwa msiba, kisha akagundua alichosema, akajibanza ukutani.

Ditram alirudi ndani akiwa na maneno tayari. Alitaka kumshika bibi mabega amtikise mpaka aelewe. Natalia aliinua kiganja, akamzuia. Akatikisa kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo watu wa mlima ule wanalisimulia mpaka leo kwa sauti ya chini: alivua kanga mabegani, akajifunga kiunoni kama wanavyojifunga wafiwa, akasogea mkekani mpaka karibu kabisa na kitanda, akaanza kupiga kofi taratibu kwenye paja, akiufuata wimbo wa mama yake. Midomo yake ilisema kila neno. Aliyajua yote. Alikuwa amewaimbia wengine.

Bibi Yunis alisikia kofi.

"Ni nani huyo?"

Kofi halikukatika.

"Ni yule mgonjwa? Nasikia pumzi yake." Akapumzika kidogo. "Mwacheni akae. Nyumba ya msiba haimfukuzi mtu."

Akaimba tena, na kofi likamwitikia. Wimbo ulipomshinda, alianza kuongea, na kwa sababu aliongea na mgeni, aliongea Kiswahili. Ndivyo Natalia alivyosikia, kwa lugha ambayo mama yake hakuwahi kumsemesha, mambo ambayo mama yake hakuwahi kumwambia.

"Mwanangu alikuwa na kelele, wewe! Akicheka, kuku wanakimbia. Nilikuwa namkemea: mwanamke gani wewe, kicheko kama treni? Nikipitisha siku sijamsikia, naumwa kichwa." Akashusha pumzi. "Aliolewa na mtu wa mkonge. Nilikataa. Siku ya harusi sikushuka mlima, nilisema miguu inauma. Haikuuma. Huyo Anselmi ni mtu mwema. Nilijua zamani. Nilikuwa nasubiri mwanangu aje nimwambie, sikutaka kusema kwenye simu. Kitu kama hicho unakisemaje kwenye simu?"

Anselmi, kizingitini, aliinamisha kichwa katikati ya magoti.

Jua lilikuwa limetoka miguuni pa kitanda likapanda ukutani. Mwanamke mmoja alileta uji. Bibi Yunis aliukataa. Natalia alichukua kikombe, akachovya kijiko, akakigusisha kwenye midomo ya mama yake bila kulazimisha, akasubiri, akagusisha tena. Kikongwe akameza. Akameza na cha pili.

"Una mkono mzuri," alisema. "Umewahi kuuguza."

Natalia akaendelea kumlisha.

"Mwanangu, jina lako silijui, na hawa waongo wangu siwaulizi tena. Umenililia mtoto wangu kuliko ndugu zake. Mungu akuponye hilo koo." Vidole vya kikongwe vilitafuta hewani, vikaupata mkono ulioshika kijiko, vikaushika. "Na wewe mama yako yupo? Yu hai?"

Ditram alitazama chini.

Natalia aliweka kijiko. Akauchukua mkono wa mama yake, akauweka shavuni pake palipolowa, akatikisa kichwa taratibu, juu na chini, mpaka mkono ukaelewa kwamba ni ndiyo.

"Ah," Bibi Yunis alisema. Na kwa mara ya kwanza tangu mchana, uso wake ulilegea. "Basi usikae hapa na mimi. Inuka, mwanangu. Nenda kwake kabla hujachelewa."

Natalia akatikisa kichwa tena kwenye kile kiganja, ndiyo, mama, ndiyo. Wala hakuinuka.